UZI: Protini zinazolinda seli wakati wa shida, na zinavyotusaidia kufuatilia wanyama wa kwanza kabisa

Mchimba Nasaba

Wadau habari zenu. Kila tukijadili mageuko ya viumbe humu tunaishia kwenye mifupa, meno na magamba, alafu mtu akiuliza vipi kuhusu wanyama wa mwanzo kabisa ambao hata mfupa hawakuwa nao, uzi unakufa hapo hapo. Na ni swali zuri sana, maana wale walikuwa laini tupu. Visukuku vikubwa vya kipindi cha Ediacara vinaanzia kama miaka milioni 575 iliyopita, na hata hivyo watu walibishana miongo na miongo kama yule Dickinsonia ni mnyama au ni kitu kingine kabisa, mpaka 2018 yalipopatikana mabaki ya kolesteroli kwenye kisukuku chake ndo wengi wakakubali kwamba ni mnyama.

Sasa kuna njia nyingine, na mimi ndo naipenda kuliko zote. Badala ya kuhangaika na mwamba unaenda kwenye seli za viumbe walio hai leo, unatafuta protini ambayo kila mmoja wao anayo na hawezi kuishi bila hiyo, alafu unalinganisha mfuatano wake herufi kwa herufi. Waliotengana karibuni watafanana sana, waliotengana zamani watatofautiana zaidi. Na kati ya protini zilizotumika sana kwa kazi hii ni zile zinazoitwa protini za mshtuko wa joto, hasa HSP70.

Jina lilitokana na bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Muitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa anachungulia kromosomu kubwa za tezi za mate za viluwiluwi wa nzi wa matunda, na mtu pale maabara alikuwa amepandisha joto la kabati ya kutunzia wale nzi bila yeye kujua. Akaona vivimbe vipya kwenye kromosomu, sehemu ambazo kawaida zimelala zimeamka zinafanya kazi. Akachapisha 1962. Protini zenyewe zikaja kuonekana 1974, na namba 70 ni uzito tu, kama kilodaltoni 70.

Kazi yake ni hii. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, unaojikunja mpaka upate umbo, na zile sehemu zinazochukia maji zinafichwa ndani. Joto likipanda, au ikija sumu, au oksijeni ikiharibika mahesabu, mnyororo unaanza kufunguka, sehemu zilizofichwa zinatoka nje, protini zinaanza kunatana na kuganda na seli inakufa. HSP70 inawahi kushika zile sehemu, inatumia nishati ya ATP kushika na kuachia, mpaka mnyororo upate nafasi ya kujikunja upya. Na sio kwenye joto tu, hata siku ya kawaida kabisa protini mpya ikiwa inatengenezwa HSP70 ipo pale inalea.

Kwasababu kazi ni hiyo hiyo tangu enzi na enzi, protini haijabadilika sana. Ya binadamu ina asidi amino 641, ya bakteria E. coli inayoitwa DnaK ina 638, na ukizipanga sambamba karibu nusu zinafanana. Binadamu na bakteria! Mimi hapo huwa nasimama kidogo.

Nitaendelea, kama kuna maswali wekeni.

Kijana wa Darubini

Mkuu shukrani kwa uzi. Ila kama haibadiliki sana si ndo haifai? Maana kufuatilia ukoo unahitaji tofauti sasa, kama wote wanafanana utatenganishaje?

Mchimba Nasaba

Swali zuri mkuu. Jibu ni kwamba inategemea unatafuta umri gani. Ukitaka kutenganisha spishi mbili za juzi juzi HSP70 haifai, zinakuwa karibu sawa. Lakini ukirudi nyuma miaka milioni mia sita, protini zinazobadilika haraka zimeshachakaa, kila nafasi imebadilika mara kadhaa na alama ya zamani imefutika, huwezi hata kuzipanga sambamba ukajua nafasi ipi inalingana na ipi. Hapo unahitaji kitu kinachokwenda polepole. Ndani ya HSP70 yenyewe kuna sehemu mbili: upande wa mbele unaovunja ATP umetulia sana, upande wa nyuma unaoshika protini zilizofunguka una mabadiliko zaidi hasa pale mwishoni.

Na ilifanya kazi kweli. 1998 Borchiellini na wenzake walichukua mifuatano ya HSP70, wakaweka na sponji (mnyama sahili wa majini) ndani, wakapata mambo mawili. La kwanza, wanyama wote ni ukoo mmoja, sponji akiwemo. Leo mtu anaona ni jambo la kawaida ila zamani wapo waliosema kwa uzito kabisa kwamba sponji walijitokea kivyao kutoka kwa viumbe wa seli moja na sisi wengine tukatokea kwingine. La pili, ndugu wa karibu wa wanyama ni kuvu. Sio mimea. Hilo la kuvu lilikuwa limeshasemwa 1993 na Baldauf na Palmer kwa kutumia protini nyingine kadhaa, kwahiyo HSP70 ilikuja kama shahidi mwingine asiyejuana na wale wa kwanza, na ushahidi wa namna hiyo una uzito wake.

Alafu 2001 ikaja ile ninayoipenda. Kuna viumbe wa seli moja wanaitwa koanoflajelata, wana mkia mmoja wa kupiga maji na kola ya vinywele vidogo kuuzunguka, wanakula bakteria. Karne ya 19 Henry James-Clark aliona kwamba seli za kulia chakula ndani ya sponji zina umbo hilo hilo, mkia na kola. Toka hapo watu wakajiuliza, je wanyama wametokana na kitu kama hiki? Zaidi ya miaka 130 ikapita swali liko hewani, jeni za ribosomu zilikuwa haziungi mkono wala kukataa. Ndo Snell, Furlong na Holland wakasoma jeni ya hsp70 ya koanoflajelata wa maji baridi, Monosiga ovata, na protini yake ikakaa upande wa wanyama, kuvu wakabaki nje.

Kwenye kazi hiyo kuna jambo ambalo wengi wanalipita. Waliona kwamba jeni ya Monosiga na za wanyama wengi wenye upande wa kulia na kushoto zimejaa herufi G na C, na hali hiyo peke yake inaweza kufanya jeni mbili zionekane ndugu wakati zimependelea tu herufi zile zile. Kwahiyo wakaacha kulinganisha DNA wakalinganisha asidi amino za protini. Huo ndo umakini unaotakiwa, maana kompyuta itakupa mti wowote utakaoiomba.

Bi Salama

Mwalimu nakufuata vizuri. Mi nimesoma mahali kwamba binadamu ana HSP70 nyingi sio moja. Sasa mnalinganisha ipi na ipi?

Mchimba Nasaba

Dada umegusa penyewe, na hapa ndo nilitaka tufike maana kwa maoni yangu hili ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye mada hii.

Binadamu ana jeni 13 za ukoo wa HSP70. Kuna zinazokaa kwenye majimaji ya seli, kuna moja inakaa kwenye ule mtandao wa utando ambako protini za kutolewa nje zinatengenezwa, inaitwa BiP, na kuna ya mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati. Hizi hazina historia moja. Ya mitokondria ilikuja na mitokondria yenyewe, ambayo asili yake ni bakteria aliyeingia kwenye seli, kwahiyo ukiichora kwenye mti inakwenda kukaa na bakteria wa kundi la alfaproteobakteria na sio na zile zingine zilizomo ndani ya seli hiyo hiyo. Ya majimaji na BiP ni nakala mbili zilizotokana na jeni moja kujirudufu zamani mno, kabla wanyama, kuvu na mimea hawajaachana.

Sasa mtu akichukua BiP ya sponji akailinganisha na ya majimaji ya yavuyavu, anachopima sio umbali kati ya sponji na yavuyavu. Anapima lini zile nakala mbili ziliachana, yaani zaidi ya miaka bilioni moja nyuma. Ni sawa na kutaka kujua undugu wa watu wawili alafu unamweka baba wa huyu kando ya mjomba wa yule. Mti unatoka, unapendeza, namba za uhakika ziko juu, na umekosea kabisa.

Kuna njia ya kuzitambua lakini. Angalia herufi nne za mwisho za protini. Za majimaji ya seli kwa kawaida zinaishia EEVD. BiP ya wanyama inaishia KDEL, hiyo ni alama ya kuirudisha kwenye mtandao wake isipotee nje. Ya mitokondria inatengenezwa ikiwa na kipande cha mbele cha kuielekeza, kinakatwa ikishafika. Kabla hujachora chochote, tenga kwanza.

Na kuna tatizo lingine ndani ya zile za majimaji zenyewe. Nzi wa matunda Drosophila melanogaster ana nakala kadhaa za hsp70 zimekaa sehemu mbili za kromosomu, 87A na 87C, na zinafanana mno. Ni kwamba nakala zilizo ndani ya spishi moja zinasahihishana, moja inaandika juu ya nyingine, na historia ya kujirudufu kwake inafutika. Nikolaidis na Nei 2004 walionyesha kwenye minyoo Caenorhabditis kwamba baadhi ya jeni za HSP70 zinakwenda pamoja hivyo na nyingine zinakwenda kila moja kivyake. Kwahiyo kwa mambo ya kale sana ni salama zaidi kutumia zile za kudumu, zinazofanya kazi kila siku, kuliko zile zinazoamka kwenye joto tu.

Kobe wa Pwani

Naomba kuuliza kitu kilichonikera muda mrefu. Kama hii protini ni shahidi mzuri hivyo mbona mpaka leo hawajamaliza ubishi wa nani alitangulia, sponji au yale madude yanayofanana na yavuyavu yenye safu za vinywele vinavyometameta? Hiyo 1998 na 2001 ni zamani, tungeshajua.

Mchimba Nasaba

Hao ni tenofora mkuu. Jibu fupi ni kwamba HSP70 haiwezi hiyo kazi, na ni vizuri kuisema wazi.

Fikiria una asidi amino kama 640. Nyingi hazijabadilika kabisa kwahiyo hazisemi chochote. Baadhi zimebadilika mara nyingi zinasema uongo. Zinazobaki zenye habari ya kweli ni chache. Sasa matawi ya mwanzo ya wanyama inaonekana yaliachana ndani ya muda mfupi, kwahiyo mabadiliko yaliyotokea katikati ya tawi moja na lingine ni machache mno, alafu juu yake ikaja zaidi ya miaka milioni mia tano ya kila ukoo kubadilika kivyake. Ongeza na tatizo ambalo Felsenstein alilieleza 1978, kwamba matawi marefu, yaani yanayobadilika haraka, yanavutana kwenye mti hata kama sio ndugu. Tenofora wana protini nyingi zinazokwenda haraka. Wakikaa chini kabisa ya mti wa wanyama huwezi kujua moja kwa moja kama ni ukweli au wamevutwa tu na wale viumbe wa nje uliowaweka kama mzizi.

Ndo maana watu wakahama. 2008 Dunn na wenzake wakatumia jeni nyingi kwa pamoja, tenofora wakatokea chini kabisa na watu wakashtuka. 2013 ikaja jinomu (DNA nzima) ya tenofora Mnemiopsis, 2014 ya tenofora mwingine, Pleurobrachia, zote mbili zikasema tenofora kwanza. Wengine wakabadilisha modeli ya hesabu wakapata sponji kwanza, kama ile kazi ya Feuda 2017. 2023 Schultz na wenzake wakaacha mfuatano wa protini kabisa wakaangalia jeni zipi zimekaa kromosomu moja na zipi, wakaona mpangilio ambao sponji anashiriki na wanyama wengine ila tenofora wamebaki na ule wa zamani wanaoshiriki na viumbe wa seli moja. Mimi binafsi hoja hiyo naiona ina nguvu, kwasababu kromosomu zikishaungana na jeni zake zikachanganyika hazirudi zikajipanga upya kama zamani. Ila mjadala haujafungwa.

Kijana wa Darubini

Sasa si tuseme HSP70 imeshastaafu basi?

Mchimba Nasaba

Hapana mkuu, sikubali kabisa. Kuna mambo imeyafungua ambayo bila hiyo tungekaa gizani. Chukua maikrosporidia, vimelea wadogo wanaoishi ndani ya seli za wanyama. Walionekana hawana mitokondria kabisa, na kwa miaka mingi walipangwa kama mabaki ya enzi za kabla mitokondria haijaingia kwenye seli. 1997 makundi mawili ya watafiti yakakuta ndani ya jinomu zao jeni ya HSP70 ya aina ya mitokondria. Yaani mwenye nyumba katoweka lakini mlezi wake yupo! Alafu 2002 wakatengeneza kingamwili ya kushika protini hiyo, wakaiweka kwenye Trachipleistophora hominis, ikawaonyesha vijifuko vidogo vya utando maradufu, masalia ya mitokondria yenyewe. Leo tunawaweka jirani kabisa na kuvu au ndani yake, yaani upande wetu wa mti, sio kule mwanzo wa dunia.

Mwenzake HSP90, protini nyingine ya mshtuko wa joto, nayo imefanya makubwa. Jeni yake hsp82 ndo ilitumika 2000 na Mark Welch kuonyesha kwamba wale minyoo wenye kichwa cha miiba wanaoishi kwenye matumbo ya wanyama ni rotifera waliobadilika. Ukiwaangalia kwa macho huwezi kuamini, rotifera ni viumbe wa kuelea majini ukubwa wa chembe na hawa ni minyoo kabisa. Umbo lilidanganya, protini ikasema.

Bi Salama

Nimependa hiyo ya vimelea. Mwalimu, na je hizi protini zinatuambia wanyama wa kwanza waliishi vipi au ni ukoo tu?

Mchimba Nasaba

Dada hapo ndo naona kesho yake ilipo kuliko kwenye kuchora nani kamtangulia nani. Protini za kujilinda zinabeba habari ya shida ambayo kiumbe amezoea kukutana nayo.

Mfano mzuri ni wa oksijeni. Sisi tuna mfumo unaoitwa HIF, oksijeni ikipungua kwenye seli protini hii haivunjwi tena, inakwenda kuwasha jeni za kujihami. Waliougundua, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobeli 2019. Trichoplax, mnyama bapa asiye na mdomo wala neva, anao na unafanya kazi, ilionyeshwa 2011. Watu wakadhani basi wanyama wote wanao. 2018 Mills na wenzake wakachunguza jinomu za sponji na tenofora wakakuta sehemu za msingi za mfumo huo hazipo. Wakamchukua sponji Tethya wilhelma wakamshushia oksijeni mpaka 0.25% ya kiwango cha hewa ya leo, na jeni zake zikaendelea kama kawaida, hakuna king'ora kilichopigwa.

Sasa angalia uzuri wake. Ule ubishi wa sponji na tenofora hapa haudhuru kitu. Awe ametangulia huyu au yule, wote wawili hawana, kwahiyo maelezo mepesi ni kwamba babu wa wanyama wote naye hakuwa nao, na angeweza kuishi kwenye bahari yenye oksijeni kidogo mno. Wale waliokuwa wanasema wanyama walichelewa kutokea kwasababu walikuwa wanasubiri oksijeni ipande wana kazi ya kujieleza.

Kobe wa Pwani

Hapo naweka pingamizi kidogo. Kiumbe kukosa protini leo haimaanishi babu yake hakuwa nayo. Inaweza kuwa ilipotea.

Mchimba Nasaba

Pingamizi halali kabisa mzee wangu, na mifano ya kukuunga mkono ipo. Kwenye haidra, Hydra oligactis ukimpandishia joto hatengenezi HSP70 ya kutosha na anakufa, wakati ndugu yake Hydra vulgaris anatengeneza na anapona. Na jeni oligactis anayo, RNA yake ndo haidumu. Samaki wa bahari ya Antaktika Trematomus bernacchii anaishi kwenye maji ya karibu nyuzi 2 chini ya sifuri mwaka mzima, HSP70 anayo muda wote lakini ukimpasha joto haongezi. Yaani mwitikio unaweza kupotea pale ambapo shida yenyewe haiji.

Ndo maana tunatofautisha protini kuwepo na protini kuitikia. Kwa HIF, ili wote wawili waipoteze ingebidi ipotee mara mbili kwenye koo mbili tofauti, na hata kule nje kwa koanoflajelata haionekani. Haijawa haiwezekani, ila ni njia ndefu zaidi.

Kijana wa Darubini

Nataka kujaribu mwenyewe kuchora huo mti wa HSP70. Naanzia wapi mkuu?

Mchimba Nasaba

Mifuatano iko wazi kwenye hifadhidata za mtandaoni UniProt na GenBank, bure. Chukua protini, usichukue DNA. Anza na zinazoishia EEVD tu: binadamu HSPA8, nzi ile ya kudumu inayoitwa Hsc70-4, haidra, Trichoplax, sponji Amphimedon queenslandica, tenofora Mnemiopsis leidyi, koanoflajelata Monosiga brevicollis, hamira Ssa1. Alafu ongeza BiP za hao hao, za wanyama zinaishia KDEL na ya hamira inayoitwa Kar2 inaishia HDEL. Hizo BiP ndo zitakuwa mzizi wako, kwasababu nakala hizo mbili ziliachana kabla ya wote hao kutokea, na zinakupa faida ya pili: kila nusu ya mti inatakiwa ikuonyeshe ukoo ule ule, ikikataa unajua kuna nakala umechanganya au tawi limevutwa.

Panga sambamba kwa programu ya MAFFT, kata sehemu zenye mapengo mengi hasa kule nyuma, chora mti kwa programu ya IQ-TREE. Utaona wanyama wakielekea kukaa pamoja na koanoflajelata jirani yao, na pale sponji na tenofora utaona namba za uhakika zimeshuka, usizilazimishe. Ukimaliza bandika mti wako humu humu tuuangalie, na uache majina marefu ya mifuatano kama yalivyo ili tuone umetumia nakala ipi.